Medicare kwa wazee wetu walioko Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya familia zinazozungumza Kiswahili nchini Marekani: watoto waliowaleta wazazi kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Bukavu, wakimbizi waliozeekea huku, na wale waliofanya kazi miaka mingi viwandani na hospitalini na sasa wanaikaribia miaka 65. Viwango vya fedha ni vya mwaka 2026, na hubadilika kila Januari. Jambo moja tunaomba lishikwe tangu mwanzo: Medicare inakwenda kwa tarehe. Mzee anaweza kuwa na haki zote, na bado akalipa zaidi maisha yake yote kwa sababu barua haikufunguliwa mwezi uliotakiwa.

Medicare ni nini, na ni ya nani?

Ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria yake Julai 30, 1965 mjini Independence, Missouri, pembeni yake akiwa ameketi rais mstaafu Harry Truman, ambaye alikuwa amelipigania wazo la bima ya afya ya taifa tangu 1945 bila kufanikiwa. Truman ndiye aliyepewa kadi ya kwanza. Huduma zilianza Julai 1966.

Wako pia walio chini ya miaka 65 wanaoipata: aliyepokea malipo ya ulemavu ya Social Security (mfuko wa pensheni wa serikali kuu) kwa miezi 24, mtu ambaye figo zake zimeshindwa kabisa, na mgonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva unaolegeza misuli.

Medicare ni bima ya mtu mmoja mmoja. Hili huwashangaza wengi waliozoea bima za nyumbani, ambako kadi ya mchangiaji mmoja hubeba mwenzi na watoto, na kwa mtumishi wa umma Tanzania hata wazazi. Medicare haina mtegemezi. Baba ana kadi yake, mama ana yake, na kila mmoja ana tarehe zake.

Je, Medicare na Medicaid ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa majina yamefanana mno. Medicare inaangalia umri na historia ya kazi. Tajiri na maskini wote huipata. Medicaid inaangalia kipato, na inaendeshwa na jimbo kwa kushirikiana na serikali kuu, ndiyo maana katika baadhi ya majimbo ina jina lingine kabisa, kama Medi-Cal kule California. Mzee mwenye kipato kidogo anaweza kuwa na zote mbili kwa wakati mmoja, na akiwa nazo zote mbili gharama zake hupungua sana.

Herufi A, B, C na D zina maana gani?

Sehemu A ni ya hospitali: kulazwa, siku chache za uuguzi katika kituo baada ya kulazwa, na huduma shufaa kwa mgonjwa aliye mwishoni mwa maisha. Sehemu B ni ya daktari na mambo ya nje ya wodi: kliniki, vipimo, eksirei, gari la wagonjwa, kusafisha damu, chanjo kadhaa, kiti cha magurudumu. Sehemu D ni dawa za kununua famasia. A na B kwa pamoja ndizo zinazoitwa Medicare ya asili.

Sehemu C, inayojulikana zaidi kama Medicare Advantage, ni njia nyingine ya kupokea hayo hayo: kampuni binafsi ya bima hulipwa na serikali ili ikuhudumie A na B, na mara nyingi D, kwa masharti yake. Tutairudia, kwa sababu hapo ndipo wazee wengi huingizwa bila kuelewa.

Nimesikia lazima uwe umefanya kazi miaka 10. Ni kweli?

Ni kweli nusu. Miaka 10 ya kazi iliyolipiwa kodi, yaani robo 40, inakupa Sehemu A bila ada ya mwezi. Kodi yenyewe unaiona kwenye hati ya mshahara: asilimia 1.45 unakatwa wewe na asilimia 1.45 analipa mwajiri. Aliyejiajiri, kwa mfano dereva wa teksi au mama anayesuka nywele kwa leseni yake, hulipa zote mbili mwenyewe.

Mwaka 2026 robo moja hupatikana kwa kipato cha dola 1,890, na mwaka mmoja hauwezi kukupa zaidi ya robo 4. Kwa hiyo mtu aliyepata dola 7,560 kwa mwaka amejaza robo zake zote 4, hata kama alifanya kazi ya muda mfupi tu. Tena robo hazikomi ukifika 65. Mzee aliyeanza kazi ya usafi akiwa na miaka 58 anaweza kuzikamilisha akiwa na 68. Kinachotupa huzuni ni kazi za kulipwa mkononi bila kodi: mtu anachoka mwili miaka yote hiyo, na kwenye vitabu vya Social Security hayupo.

Miaka uliyochangia NSSF ya Kenya, Tanzania au Uganda, au mfuko wa jamii wa Kongo, haihesabiwi hapa. Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na nchi yoyote ya Afrika.

Na kama hukufikisha robo 40, mlango haujafungwa. Ukiwa raia, au mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani aliyekaa nchini miaka 5 mfululizo, unaweza kununua. Sehemu B inanunuliwa kwa ada ile ile ya kila mtu, dola 202.90 kwa mwezi, na unaweza kuichukua peke yake. Sehemu A ni ghali: dola 311 kwa mwezi kwa mwenye robo 30 hadi 39, na dola 565 kwa aliye chini ya hapo. Usikate tamaa kwa tarakimu hizo kabla hujasoma swali la misaada hapo chini.

Mke wangu alilea watoto nyumbani, hakuwahi kuajiriwa. Atapata?

Atapata Sehemu A bila ada kwa robo zako, mradi ndoa imetimiza mwaka mmoja, yeye ana miaka 65, na wewe umefika angalau 62. Hapo penye 62 ndipo hesabu huwapiga chenga watu. Mume wa miaka 66 asiye na robo, ambaye mkewe aliyefanya kazi ana miaka 59, atalazimika kungoja miaka 3 mkewe afike 62, au anunue Sehemu A kwa muda huo.

Mjane na mtalaka nao wana haki. Mtalaka anahitaji ndoa iliyodumu miaka 10, na awe hajaolewa au kuoa tena. Tafuteni cheti cha ndoa mapema. Ndoa iliyofungwa msikitini au kwa mila bila kuandikishwa huleta maswali marefu, na kupata nakala ya cheti kutoka Kigoma au Uvira huchukua muda. Kikiwa kwa Kiswahili au Kifaransa, kipelekeni hivyo hivyo. Social Security ina watafsiri wake.

Mimi nimelipa kodi miaka 15. Mama yangu amekuja mwaka huu na kadi ya kijani. Anaweza kutumia robo zangu?

Hapana. Robo zako zinamfaa mwenzi wako wa ndoa. Mzazi wako hazimfai ukiwa hai na unafanya kazi. Mama atasubiri miaka 5 ya kukaa Marekani mfululizo, kisha ataruhusiwa kununua. Dirisha lake la kujiandikisha linahesabiwa kutoka pale anapotimiza masharti yote, si kutoka siku alipofikisha 65. Kwa hiyo mama aliyeingia akiwa na miaka 70 hana faini ya kuchelewa akijiandikisha mara tu miaka 5 inapotimia. Tumewasikia watu wakiambiwa, "Mama yako ameshachelewa, faini yake itakuwa kubwa, bora aache." Si kweli.

Neno mfululizo lina uzito. Mzee anayeishi nusu mwaka Nakuru na nusu mwaka Minnesota ajiandae kueleza safari zake, na atunze pasipoti na tiketi.

Katika hiyo miaka 5 afanyeje?

Hili ndilo pengo gumu kuliko yote, na kila mtoto anayetaka kumleta mzazi alijue kabla ya kuijaza fomu ya udhamini, I-864. Katika majimbo mengi Medicaid ya kawaida nayo inamtaka mwenye kadi ya kijani asubiri miaka 5. Mzee anaruhusiwa kununua bima kwenye soko la Obamacare, yaani soko la serikali la bima za kampuni binafsi, na kuhamia Marekani kunamfungulia dirisha maalumu la siku 60. Lakini tangu Januari 2026, mwenye kipato kilicho chini ya mstari wa umaskini ambaye Medicaid inamkataa kwa sababu ya uhamiaji hapati tena ruzuku ya kumpunguzia ada. Bila ruzuku, bima ya mtu wa miaka 65 na zaidi ni mzigo mkubwa kwa familia. Mzazi anayeandikwa kama mtegemezi kwenye kodi za mwanawe huhesabiwa kwa kipato cha kaya nzima, na hilo linaweza kubadilisha jibu. Mwulizeni mshauri wa soko la bima kabla ya kukata shauri.

Kwa dharura, hospitali yenye kitengo cha dharura inalazimika na sheria kumwona mgonjwa na kumtuliza hata kama hana bima. Kwa presha na sukari za kila siku, ziko kliniki za jamii zinazofadhiliwa na serikali kuu, ambazo hutoza kulingana na kipato. Mzee asiachwe bila dawa ya presha miaka 5 kwa kuogopa bili. Kiharusi kimoja kinagharimu kuliko kliniki zote hizo.

Sisi ni wakimbizi kutoka Kongo. Tumesikia sheria imebadilika.

Imebadilika, na hili lichukuliwe kwa uzito. Zamani mkimbizi au mwenye hifadhi aliyefanya kazi na kutimiza robo 40 aliingia Medicare hata bila kadi ya kijani. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeibana: sasa wanaostahili ni raia, wenye kadi ya kijani, na makundi mawili madogo, yaani baadhi ya watu wa Cuba na Haiti, na wahamiaji wa visiwa kadhaa vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Mwenye hadhi ya ukimbizi tu, hifadhi tu au TPS (ulinzi wa muda) hayumo, hata kama alikatwa kodi kwa miaka 20. Waliokuwa tayari ndani ya Medicare kwa hadhi hizo watatolewa ifikapo Januari 4, 2027. Medicaid ya serikali kuu nayo inabanwa kwa namna hiyo kuanzia Oktoba 1, 2026.

Cha kufanya ni kuomba kadi ya kijani. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba baada ya mwaka mmoja nchini, na akipewa, tarehe ya ukaazi wake hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia, jambo linalomsaidia kwenye hesabu ya miaka 5. Katika familia nyingi vijana walishughulikiwa kadi zao kwa ajili ya chuo na kazi, na bibi akaachwa kwa kuwa hatoki nyumbani. Bibi huyo ndiye anayeihitaji kuliko wote. Zikaguliwe karatasi zake wiki hii, na wakili au shirika la uhamiaji lihusishwe.

Nijiandikishe lini?

Una dirisha la miezi 7: miezi 3 kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na miezi 3 baada yake. Aliyezaliwa Mei 20 ana nafasi kuanzia Februari hadi mwisho wa Agosti. Akijiandikisha kabla ya Mei, bima inaanza Mei 1. Akingoja mpaka Mei au baadaye, inaanza mwezi unaofuata.

Sasa sikilizeni hili, hasa wenzetu waliopitia kambini. Wengi wenu mmeandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1. Aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi wowote, kwa Medicare huhesabiwa mwezi mmoja nyuma. Mwenye Januari 1 anaanza kustahili Desemba 1, na dirisha lake ni Septemba hadi mwisho wa Machi. Serikali inafuata tarehe iliyo kwenye karatasi, hata kama wajukuu na majirani wanajua kuwa babu alikuwa kijana mkubwa siku ya uhuru wa Kongo.

Usichanganye 65 na umri wa pensheni. Aliyezaliwa 1960 au baadaye anapata pensheni kamili ya Social Security akiwa na 67, lakini Medicare imebaki pale pale kwenye 65. Watu hungoja 67 wakidhani vyote vinakuja pamoja, na hapo wameshapoteza dirisha. Anayepokea pensheni miezi 4 au zaidi kabla ya kufika 65 huandikishwa bila kuomba, kadi inakuja kwa posta. Wengine wote lazima waombe wenyewe: ssa.gov, ofisi ya Social Security, au simu 1-800-772-1213.

Nina miaka 65 lakini bado nafanya kazi na nina bima ya kazini.

Uliza swali moja: mwajiri ana wafanyakazi wangapi? Wakiwa 20 au zaidi, bima ya kazini inalipa kwanza na unaweza kuiacha Sehemu B mpaka utakapoacha kazi. Hapo utapewa miezi 8 ya kujiandikisha bila faini. Vivyo hivyo ukiwa kwenye bima ya kazi ya mwenzi wako. Wakiwa chini ya 20, Medicare ndiyo inayotakiwa kulipa kwanza, na usipoichukua utabaki na bili zisizo na mwenyewe.

COBRA, yaani kuendelea kujilipia bima ya kazini baada ya kuacha kazi, haihesabiwi kama bima ya kazi. Bima ya Obamacare pia haihesabiwi. Mtu anastaafu, analipia COBRA mwaka mzima kwa bei ya juu akijiona salama, kumbe ile miezi 8 imeshapita.

Nikichelewa itakuwaje?

Sehemu B huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyochelewa, na nyongeza hiyo hailipwi mara moja ikaisha. Unaibeba maisha yote. Sehemu D huongezwa asilimia 1 ya ada ya msingi ya taifa kwa kila mwezi uliokaa bila bima ya dawa inayokubalika, nayo ni ya kudumu. Aliyekosa dirisha hungoja Januari 1 hadi Machi 31, na bima huanza mwezi unaofuata baada ya kujiandikisha.

Kuna njia ya kutoka ambayo watu wachache huambiwa: ukikubaliwa kwenye mpango wa jimbo wa kulipiwa Sehemu B, faini ya B huondolewa, na huhitaji kungoja Januari.

Inagharimu kiasi gani, na asiyeweza anasaidiwaje?

Sehemu B ni dola 202.90 kwa mwezi, kwa kawaida inakatwa kwenye pensheni. Kila mwaka unatanguliza dola 283 kutoka mfukoni, kisha Medicare inalipa asilimia 80 na wewe 20. Hiyo 20 haina ukomo kwenye Medicare ya asili. Ukilazwa, unatanguliza dola 1,736, ambazo zinakufikisha siku ya 60. Kuanzia siku ya 61 hadi ya 90 ni dola 434 kwa siku. Mwenye kipato kinachozidi dola 109,000 kwa mwaka, au 218,000 kwa mke na mume, hulipa ada kubwa zaidi, na kinachoangaliwa ni kodi za miaka 2 iliyopita.

Sasa misaada, na hapa tunawasihi msione haya kuomba. Majimbo yote yana mipango ya kuwalipia wenye kipato kidogo gharama za Medicare. Mkubwa kuliko yote unaitwa QMB. Unalipa ada ya Sehemu B, unaweza kulipa hata ile ya Sehemu A ya dola 565, na unafuta sehemu yako ya bili za Medicare. Daktari au hospitali inayopokea Medicare imekatazwa na sheria kumtoza mtu wa QMB tofauti iliyobaki. Ikija bili, msilipe haraka. Pigeni simu muulize kama walijua mgonjwa ana QMB. Mipango ya SLMB na QI ni ya wenye kipato cha juu kidogo, nayo inalipa ada ya B. Yote huombwa katika ofisi ya Medicaid ya jimbo.

Aliyekubaliwa kwenye mmojawapo hupata pia Extra Help ya dawa bila kuomba. Hapo dawa isiyo na jina la kampuni haizidi dola 5.10, na yenye jina haizidi 12.65. Mzee aliyeletwa na mwanawe ajue kwamba kipato cha mdhamini kinaweza kuhesabiwa. Ombeni hata hivyo. Majimbo yanatofautiana, mengine yameacha kabisa kuangalia akiba ya benki, na jibu la hapana mlilopewa Texas si lazima liwe jibu la Maine.

Medicare ya asili au Medicare Advantage?

Zaidi ya nusu ya wenye Medicare sasa wako Advantage, na sababu inaeleweka: nyingi hazina ada ya ziada, zina meno na miwani kidogo, na zina ukomo wa gharama zako kwa mwaka, ambao 2026 hauruhusiwi kuzidi dola 9,250 kwa huduma za ndani ya mtandao, yaani kwa madaktari na hospitali zenye mkataba na kampuni hiyo. Unachotoa badala yake ni uhuru. Unatibiwa na madaktari walio kwenye mtandao wa kampuni, na huduma nyingi zinahitaji kibali cha awali. Medicare ya asili inakubaliwa karibu kila hospitali nchini, kutoka Portland hadi Atlanta, jambo kubwa kwa mzee anayezunguka kwa watoto wake katika majimbo matatu.

Anayechagua ya asili na ana uwezo hununua Medigap, bima ya kampuni binafsi inayoziba ile asilimia 20. Kuna miezi 6 tangu uanze Sehemu B ukiwa na 65 au zaidi, ambapo kampuni hairuhusiwi kukukataa wala kukupandishia bei kwa ugonjwa. Ikipita, katika majimbo mengi inaweza kukuuliza habari za sukari na moyo wako na kukukatalia. Ndiyo sababu maneno ya wakala kwamba "jaribu Advantage, ukichoka utarudi" hayajakamilika. Kurudi kwenye Medicare ya asili utarudi, Oktoba 15 hadi Desemba 7 kila mwaka, au Januari hadi Machi. Medigap ndiyo huenda ikakukataa.

Ushauri wetu, na ni maoni: mzee mwenye Medicaid kamili hana haja ya Medigap. Mwenye maradhi makubwa na fedha kiasi, ya asili pamoja na Medigap inampa utulivu. Mwenye afya na bajeti ndogo, Advantage inaweza kumfaa, ila daktari wake na dawa zake zikaguliwe kwa majina kabla ya saini.

Na dawa?

Tangu sheria ya 2022, mambo yamekuwa mepesi. Insulini haizidi dola 35 kwa mwezi kwa kila aina, chanjo za watu wazima zilizopendekezwa, kama ya mkanda wa jeshi, ni bure, na ukishatoa dola 2,100 za dawa ndani ya 2026, dawa zilizobaki mwaka huo hulipi. Orodha za dawa hubadilika kila mwaka, hivyo kila Oktoba ingizeni dawa za mzee kwenye Medicare.gov mlinganishe.

Medicare haigharamii nini?

Meno kwa sehemu kubwa, miwani ya kawaida, vifaa vya kusikia. Na kubwa kuliko yote: kumtunza mzee kwa muda mrefu. Watu wanadhani nyumba ya kutunzia wazee inalipwa na Medicare. Medicare inalipa uuguzi wa kitaalamu tu baada ya kulazwa: siku 20 za kwanza bila malipo, ya 21 hadi ya 100 dola 217 kwa siku, kisha basi. Kuoshwa, kulishwa na kusindikizwa chooni mwaka baada ya mwaka ni jukumu la familia au Medicaid. Majimbo mengi yana mipango ya Medicaid inayomlipa msaidizi wa nyumbani, na mara nyingine msaidizi huyo anaweza kuwa binti au mjukuu. Ulizieni.

Kuna mtego katika hizo siku. Medicare ya asili inataka mzee awe amelazwa siku 3 mfululizo. Anaweza kulala kitandani usiku tatu na akawa hajalazwa, ila yuko "chini ya uangalizi". Muulizeni daktari kila siku: mama amelazwa au anaangaliwa? Akiangaliwa zaidi ya saa 24, hospitali inawajibika kumpa taarifa ya maandishi.

Mzee akienda nyumbani kusalimia, bima inafanya kazi?

Kwa kawaida hapana. Akiugua Zanzibar au Kisumu, Medicare hailipi. Medigap za aina C, D, F, G, M na N hulipa asilimia 80 ya dharura ya nje baada ya kutanguliza dola 250, ndani ya siku 60 za kwanza za safari, hadi dola 50,000 za maisha yote. Asiye nayo anunue bima ya safari.

Akirudi kuishi nyumbani moja kwa moja, Sehemu A ya bure inabaki jina lake likiwepo, lakini B lazima aamue: aendelee kuilipia bila kuitumia, au aiache na akubali faini akirejea. Mzee anayejua atakuwa anarudi Marekani kwa matibabu makubwa, mara nyingi tunamshauri aendelee kulipa.

Mama hajui Kiingereza. Nimtafsirie mimi?

Kwa kumtia moyo, ndiyo. Kwa matibabu, hapana. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kutoa mkalimani bila malipo, na mtoto hapaswi kutumika badala yake isipokuwa kwa dharura. Mama hataeleza habari za mkojo au za tumbo la uzazi mbele ya mwanawe wa kiume, na kijana wa miaka 14 asibebeshwe kumwambia bibi yake kuwa ana saratani. Ukipiga 1-800-633-4227, simu ya Medicare, taja neno "Swahili" na ungoje. Hatua hiyo huchukua dakika kadhaa, usikate.

Kwa ushauri usio na biashara ndani yake, kila jimbo lina SHIP, mpango wa washauri wa Medicare unaofadhiliwa na serikali kuu, ambao hawauzi bima yoyote. Namba ya kuwatafuta ni 1-877-839-2675. Nendeni na kadi, orodha ya dawa na barua zote, hata zile msizozielewa.

Kuna mtu amepiga simu akitaka namba ya kadi ya Medicare ya baba.

Kateni. Medicare haimpigii mtu bila kuombwa ili kudai namba. Kadi ya karatasi yenye nyekundu, nyeupe na bluu ina namba ya herufi na tarakimu 11, na namba hiyo ni fedha: walaghai huitumia kudai malipo ya vipimo vya vinasaba, vishikizo vya magoti na vifaa ambavyo mzee hakuviona. Wengine huja penye mikusanyiko ya wazee na zawadi za chakula na fomu ya kusaini. Mara kwa mara, aliye kwenye Medicare ya asili hupokea taarifa ya kilicholipwa kwa jina lake. Isomeni pamoja naye. Mkiona jina la daktari asiyemjua, piga simu ya Medicare siku hiyo hiyo. Na mkiona huduma aliyoipata imekataliwa, taarifa hiyo hiyo inaeleza namna ya kukata rufaa. Mna siku 120 tangu kuipokea.